Kwa nini T-72 ikipigwa tareti inaruka? Mimi nasema kosa si la mashine ya kupakia

#1 Kiwavi wa Chuma
Wakuu salaam. Picha nyingi za vifaru vya Kirusi vya T-72 vilivyoteketea zinafanana: tareti (kichwa cha juu chenye mzinga) imelala pembeni, mbali na bodi. Jibu linalorudiwa kila mahali ni kwamba kosa ni la mashine inayopakia raundi kwenye mzinga. Napinga.

Mashine ile ni sahani ya kuzunguka iliyolala sakafuni, chini ya miguu ya kamanda na mpigaji. Inabeba raundi 22. Kila raundi ni vipande viwili, kombora chini na baruti juu yake. Pale chini ndipo pagumu kuliko kwingine kote kufikiwa na adui, maana mbele kuna deraya (chuma cha kinga) nene na ubavuni kuna magurudumu. Sasa T-72B inabeba raundi 45. Hizo 23 za ziada ziko wapi? Nyingine zimechomekwa kwenye matundu ya tangi la dizeli kulia kwa dereva, nyingine nyuma ya sahani, nyingine zimefungwa kwenye kuta za tareti usawa wa mabega ya watu. Hizo ndizo zinazowaka kwanza. Ziondoe uone kama tareti zitaruka kwa wingi ule. Anayepinga aje na vipimo, siyo video.

#2 Dizeli Safi
Naja na vipimo. Ubavu wa bodi ya T-72 pale walipokaa watu ni chuma cha milimita 80. Kichwa cha kawaida cha RPG-7, silaha ya begani ya askari wa miguu, cha aina ya PG-7VL kinatoboa takribani milimita 500. Kwa hiyo "magurudumu yanalinda" si hoja, mwale wa shaba unaotoka kwenye kichwa hicho kikilipuka unapita gurudumu, unapita ubavu na unafika kwenye sahani ukiwa bado na nguvu tele.

Halafu uangalie baruti yenyewe. Ganda lake si shaba kama la kifaru cha zamani cha T-55. Ni ganda linaloungua pamoja na baruti, kinachobaki ni kitako kifupi cha chuma tu, ambacho mashine inakitupa nje kwa kidirisha cha nyuma ya tareti. Juu ya sahani kuna bamba jembamba la kuzuia watu wasikanyage. Kipande cha chuma chenye moto kikidondoka kutoka ukutani kinalichana. Raundi 22 zikishika moto zinatosha kabisa kurusha tareti, hazihitaji msaada wa zile 23.

#3 Shina la Mkorosho
Nimeshaweka kigoda. Endeleeni.

#4 Mwanakarakana
Kabla hamjafika mbali, tutofautishe vitu viwili maana #2 amevichanganya kidogo. Baruti ya mzinga hailipuki kama bomu, inaungua kwa kasi sana. Kinachorusha tareti ni mgandamizo wa gesi. Tareti imekaa juu ya bodi kwenye gololi za duara, imeshikwa na boliti. Milango ikiwa imefungwa, gesi haina pa kutokea, boliti zinakatika na kila kitu kinakwenda juu kama mfuniko wa sufuria la presha. Milango ikiwa wazi utaona moto unatoka kwa nguvu juu kama bomba, wakati mwingine sekunde kadhaa, na tareti inaweza kubaki mahali pake. Watu ndani wamekufa vilevile.

Na mfumo wa kuzima moto hausaidii hapo. Ule unazima dizeli na mafuta ya haidroliki, vitu vinavyohitaji hewa ya nje ili viungue. Baruti ina oksijeni yake ndani. Ukishawaka moto wa baruti hakuna gesi ya kuuzima, kuna kuupa njia ya kutokea tu.

#5 Nahodha wa Bara
Hapo ndipo Abrams ya Marekani inapotoka na alama zote. Raundi zake zote ziko kwenye chumba cha nyuma ya tareti, nje ya walipokaa watu. Paa la chumba hicho ni mabamba yaliyofungwa yawe dhaifu makusudi. Raundi zikiwaka, mabamba yanaruka, moto unakwenda juu.

#6 Mwanakarakana
@Nahodha wa Bara si zote. M1A2, toleo la Abrams, ina raundi 42: 36 nyuma ya tareti na 6 kwenye kasha ndani ya bodi.

Kingine ambacho hakisemwi ni ule mlango. Mpakiaji anasukuma swichi kwa goti, mlango wa chuma unateleza pembeni, anavuta raundi, anaigeuza kichwa mbele, anaisukuma ndani ya mzinga, goti linaachia, mlango unajifunga. Mfumo mzima wa usalama unategemea mlango huo uwe umefungwa wakati kombora la adui linapofika. Wafanyakazi wakiuzuia usifunge ili wapakie haraka, yale mabamba ya paa hayana faida tena, moto unaingia kwao. Ndiyo maana mazoezi ya mpakiaji ni goti na mikono pamoja mpaka mwili uzoee.

#7 Bandari Kuu
Mabwana, mnasahau Leopard 2 ya Wajerumani. Pale Al-Bab nchini Syria, Desemba 2016, Leopard 2A4 za Uturuki zilipigwa na tareti zikang'oka. Na ile haina mashine ya kupakia, ina binadamu wanne.

Leopard 2 inabeba raundi 42. Nyuma ya tareti zipo 15 zenye mabamba ya kupasuka kama Abrams. Nyingine 27 ziko ndani ya bodi, mbele, kushoto kwa dereva, bila mlango na bila njia ya moto. Wajerumani walitegemea deraya nene ya mbele, maana walitarajia adui atokee mbele kupitia mpaka wa mashariki. Al-Bab vifaru vilisimama juu ya kilima bila askari wa miguu wa kutosha pembeni, vikapigwa ubavu kwa makombora ya kuongozwa. Ubavu wa bodi haukujengwa kwa hilo.

#8 Kiwavi wa Chuma
@Bandari Kuu asante, umenisaidia. Kifaru cha Magharibi, wapakiaji ni watu, na bado kinarusha tareti. Kwa hiyo shida ni pale raundi zinapokaa, siyo nani anazipakia.

#9 Dizeli Safi
Haijakusaidia. Raundi za T-72 zinakaa pale kwa sababu ya mashine. Huwezi kuvitenganisha.

#10 Kiwavi wa Chuma
Unaweza. Leclerc ya Ufaransa ina mashine ya kupakia yenye raundi 22 nyuma ya tareti, imetenganishwa na watu kwa ukuta, wafanyakazi watatu. Type 90 ya Japani hivyohivyo, K2 ya Korea Kusini hivyohivyo na raundi 16. Mashine ipo, watu wako salama zaidi.

#11 Bandari Kuu
Leclerc nayo ina raundi 18 zaidi ndani ya bodi, kwenye pipa la kuzunguka karibu na dereva. Hakuna aliyefanikiwa kuziweka zote nyuma.

#12 Mzee wa Gololi
Vijana, mnabishana matokeo, mimi nawarudisha kwenye chanzo. Urusi walitaka kifaru cha tani 41, kifupi, cha watu watatu, kinachobeba mzinga wa milimita 125. Ukimwondoa mpakiaji unaondoa nafasi ya mtu aliyesimama. Chumba kinakuwa kidogo, na chumba kidogo kinazungukwa na deraya chache za unene uleule. Ndiyo maana T-72 ina kimo cha takribani mita 2.2 na uzito huo, wakati Abrams ya leo imepita tani 66. Ukihamishia raundi nyuma ya tareti, tareti inarefuka, inazidi uzito, inataka deraya yake, injini ya nguvu farasi 780 haitoshi tena, giaboksi nayo haitoshi. Hawakushindwa kufikiria mlango na mabamba. Walichagua kuwa na vifaru vingi vyepesi.

#13 Shina la Mkorosho
Mzee wa Gololi amefika, sasa uzi umepata baba.

#14 Nahodha wa Bara
Uzito huo kwetu ndio hoja kubwa kuliko tareti. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2013 ya udhibiti wa uzito wa magari inaweka kikomo cha tani 56, gari na mzigo wake. Abrams ya tani 66 inavunja kikomo kabla hujaipakia kwenye trela. T-72B ni tani 44.5, ukiongeza kichwa cha lori na trela nayo imepita. Type 59 ya Kichina ya tani 36, ile Tanzania iliyotumia Vita vya Kagera, inakaribia kikomo tu. Kibali maalumu kinapatikana, lakini kibali hakiongezi nguvu ya daraja.

#15 Bandari Kuu
T-72 zimeshapita kwetu. Meli ya MV Faina ilitekwa na maharamia Septemba 2008 ikiwa na vifaru 33 vya T-72, ikaachiwa Februari 2009, zikashushwa Mombasa. Serikali ilisema ni za Kenya, wengine wakasema ni za Sudan Kusini, mjadala huo una uzi wake. Kabla ya hapo Kenya ilikuwa na vifaru vya Kiingereza vya Vickers Mk 3: mzinga wa milimita 105 wenye mifuo, injini ya General Motors 12V-71T yenye nguvu farasi 720. Injini ya viharusi viwili ya familia hiyo fundi wa malori makubwa ya zamani anaijua.

#16 Kitasa
Tusihamie bandarini, tubaki kwenye swali. Mimi naona nyote mmepita pembeni. T-72 inakufa kwa sababu ya rivasi, yaani gia ya kurudi nyuma. Giaboksi zake ni mbili, moja kila upande, gia saba mbele na moja nyuma. Hiyo moja inakupa kilomita 4 kwa saa. Leopard 2 inarudi nyuma kwa takribani kilomita 31 kwa saa.

Sasa fikiria kifaru kimetokeza juu ya tuta, kimepiga, kinataka kujificha. Leopard inarudi huku deraya nene ikiendelea kumtazama adui. Dereva wa T-72 ana njia mbili: arudi mwendo wa mtu anayetembea, au ageuze bodi akimbie akionyesha ubavu na mgongo. Akigeuza, zile milimita 80 za #2 ndizo zinazopigwa. Raundi zimeungua, ndiyo, lakini aliyewezesha ni giaboksi.

#17 Mwanakarakana
Ongeza na pembe ya mzinga. Abrams inashusha mtutu digrii 10 chini ya usawa, Leopard 2 digrii 9, T-72 kama 6 tu. Paa la tareti ni la chini, nyuma ya mzinga unagonga dari kabla mtutu haujashuka vya kutosha. Kwa hiyo ukijificha nyuma ya tuta na T-72, ili umwone adui aliye bondeni inabidi upande juu zaidi, bodi ionekane. Ukubwa mdogo anaousifia Mzee wa Gololi unapotea palepale.

#18 Mzee wa Gololi
Haupotei kwenye tambarare, na kilichopangwa kilikuwa tambarare za Ulaya na mwendo wa kwenda mbele. Rivasi vilevile. Kifaru cha kushambulia kwa mawimbi kiliwekewa gia saba za mbele. Ukikipeleka kulinda tuta, umekipa kazi isiyo yake.

#19 Swahiba wa Maskati
Assalaam alaykum. Mnazungumzia kupigwa, huku kwetu kifaru kinakufa kabla hakijamwona adui. Oman ina vifaru 38 vya Kiingereza vya Challenger 2. Mwaka 2001 Waingereza walikuja na zao kwenye mazoezi ya Saif Sareea, vumbi la huku likaziba filta za hewa baada ya saa chache tu za kazi. Zile za Oman zilijengwa na mfumo mkubwa zaidi wa kupoza na kuchuja hewa, za Waingereza zilikuwa za Ulaya.

Dalili ni zilezile kila mahali: moshi mweusi, nguvu inapungua kwenye mwinuko, joto la moshi linapanda. Ukilazimisha, vumbi linapita filta na kuingia kwenye silinda, ringi zinakwisha, injini inaanza kula mafuta. Turbini ya Abrams ni nyeti zaidi kwa sababu inavuta hewa nyingi kuliko dizeli ya nguvu ileile. Filta zinatolewa, zinapulizwa, zinarudishwa, na gasketi ikikaa vibaya upande mmoja tu, kazi yote ni bure, maana vumbi linapita kwenye pengo hilo.

Kuhusu raundi: Challenger 2 kombora na baruti ni vipande viwili pia. Baruti zimewekwa kwenye makasha ya chuma chini ya usawa wa duara la tareti. Chieftain, kifaru chao cha zamani, ilizizungushia maji. Kwa hiyo Waingereza waliona hatari ileile wakatafuta dawa nyingine, bila ya mlango wala mabamba.

#20 Dizeli Safi
Sheikh, hiyo ya maji ni nzuri. Mwale ukipita kwenye kasha, maji yanarukia baruti palepale. Inachelewesha, haizuii.

#21 Kitasa
Na kwenye injini, anayetaka kujua kwa nini Wajerumani wanasifiwa aangalie namna ya kuitoa. Leopard 2 ina MTU MB 873, V12 ya lita 47.6, nguvu farasi 1,500. Injini, giaboksi na mfumo wa kupoza vinatoka kama kitu kimoja. Unafungua bamba la nyuma, unachomoa viungio vya mafuta na umeme vya kubofya, unaachia muunganiko wa gia za pembeni, winchi inanyanyua. Mafundi waliozoea hawamalizi saa nzima kuitoa na kuirudisha.

T-72 injini imelala kwa upana, inapeleka nguvu kwa kasha la gia pembeni, kisha kwenye giaboksi mbili. Ukirudisha injini lazima upange mihimili ikae kwenye mstari mmoja, kwa vipande vya kujazia chini ya vikalio. Ukikosea kidogo, meno yanakula, unasikia mlio wa kusaga, na kabla ya muda mrefu giaboksi moja imekwenda. Hiyo ni kazi ya siku nzima ya karakana, siyo ya kando ya barabara.

#22 Nahodha wa Bara
Nirudi kwenye tareti. Grozny, mji mkuu wa Chechnya, mwanzoni mwa 1995, Warusi walipoteza vifaru vingi mjini kwa RPG kutoka ghorofani na vyumba vya chini. Baada ya hapo walishauri mjini waingie na raundi za kwenye mashine tu. Kama raundi za ziada si tatizo, kwa nini walisema hivyo? Kiwavi wa Chuma yuko sahihi.

#23 Mwanakarakana
Ni sahihi kuhusu ushauri, ila vingi vilivyotajwa Grozny ni T-80BV, kifaru kingine cha Kirusi, na mashine yake si hii. T-80 na T-64 zinabeba raundi 28. Makombora yamelala, lakini baruti zimesimama wima kuzunguka chumba chote, zimefika usawa wa kiuno cha waliokaa. Hizo ni rahisi zaidi kupigwa kuliko za T-72 zilizolala sakafuni. Watu wanazichanganya kwa sababu zote zina mzinga wa 125. Tena vingi vilikwenda na vitofali vya mlipuko vya Kontakt-1 (kinga inayolipuka kuvuruga kombora la adui) ubavuni bila baruti ndani yake, masanduku matupu.

#24 Dizeli Safi
Na kama ni kweli raundi za ziada ndizo tatizo pekee, basi T-72 zinazoingia vitani leo na 22 tu zisingerusha tareti. Zinarusha. Droni inashuka kutoka juu, paa la tareti ni jembamba kuliko ubavu, mwale unashuka wima, chini yake kuna nini? Sahani. Ile sehemu #1 aliyosema ngumu kufikiwa ni ngumu kwa anayepiga kutoka mbele. Kutoka juu iko wazi kabisa.

#25 Kiwavi wa Chuma
Kutoka juu hata chumba cha nyuma cha Abrams kiko wazi.

#26 Dizeli Safi
Kiko wazi, mabamba yanaruka, watu wanatoka kwa miguu yao. Hilo ndilo swali lako la kwanza, mkuu.

#27 Jicho la Tai
Mnasema T-72 kana kwamba imebaki vilevile. T-90M, kifaru kilichotokana na T-72, bado ina sahani ya raundi 22, ila sehemu ya zile za ziada imehamishiwa kwenye kasha la nje nyuma ya tareti, mbali na watu. Ni nusu ya mawazo ya Kiwavi na nusu ya Dizeli. Kasha hilo halipeleki raundi ndani lenyewe. Ili uzitumie, lazima mtu atoke nje na kuzihamisha kwa mkono. T-14 Armata iliyoonyeshwa 2015 ilikwenda mbali zaidi: tareti haina mtu, watu watatu wamekaa mbele kwenye chumba chao. Tareti ikiruka, imeruka bila mtu. Jirani zetu Uganda wana T-90S, hiyo bado ni mpangilio wa zamani.

#28 Shina la Mkorosho
Swali la mtu wa pembeni: mashine ni ya haraka kuliko mtu au la?

#29 Mwanakarakana
@Shina la Mkorosho T-72 ni kama sekunde 8, inategemea raundi unayoitaka iko wapi kwenye sahani, maana inazunguka upande mmoja tu. Ikiwa imepita kidogo, inabidi izunguke duara zima. Mzinga unapanda kwenye pembe yake ya kupakia na kujifunga hapo, kasha linanyanyuliwa, kombora linasukumwa, kasha linashuka hatua moja, baruti inasukumwa, mzinga unafunga na kurudi kwenye shabaha. Mpakiaji mzuri wa Abrams anafanya sekunde 5 mpaka 7 kifaru kikiwa kimesimama. Raundi ya milimita 120 ina kilo 20 na zaidi. Baada ya raundi kumi mfululizo kwenye ardhi ya mashimo mtu anachoka, mashine haichoki. Lakini huyo mtu wa nne ndiye pia anayeshika nyundo mnyororo ukikatika usiku, anayelinda zamu, anayejaza mafuta. Wafanyakazi watatu kubadilisha pini ya mnyororo wa kifaru cha tani 44 ni adhabu.

#30 Mzee wa Gololi
Kingine: urefu wa kombora. Kasha la sahani lina urefu wake, na mshale wa kutoboa deraya hauwezi kuuzidi. Kutoboa kwa mshale kunategemea sana urefu wake. Warusi walipotaka mshale mrefu zaidi ilibidi warekebishe mashine yenyewe. Abrams mpakiaji ananyanyua tu raundi mpya, hakuna cha kurekebisha isipokuwa programu ya kompyuta ya kulenga.

#31 Kitasa
Wanaosema "beba 22 tu" wafanye hesabu ya raundi. Hizo 22 si za aina moja. Ukigawa ya mlipuko kwa ajili ya majengo na askari, ya mwale, ya mshale, na kombora la kuongozwa moja au mawili, mishale inabaki michache. Zikiisha lazima urudi nyuma kujaza, na kujaza sahani ni kuzungusha kasha moja moja, kombora kwa mkono, baruti kwa mkono, ukisema kwenye kisanduku umeweka aina gani wapi. Ukikosea kuandika aina, mpigaji atabofya mshale na mashine itampa ya mlipuko.

#32 Kiwavi wa Chuma
@Kitasa hapo sawa, lakini kurudi nyuma kujaza ni shida ya magari ya ugavi, siyo ya kifaru.

#33 Kitasa
Kurudi nyuma kwa kilomita 4 kwa saa ni shida ya kifaru.

#34 Swahiba wa Maskati
Kitasa na rivasi yake, mashallah. Kuna mwenye vipimo vya T-90MS, toleo jingine la T-90? Nimesikia giaboksi yake imeboreshwa, ila nataka kujua rivasi ni moja bado au zimeongezwa.